Uliza kwanza, data baadaye: kwa mwanasayansi anayeanza kuzungumza na umma

Mtu akikuambia chanjo si salama, usikimbilie data. Muulize: "Ni nini hasa kinachokutia wasiwasi?" Pengine ni homa aliyopata mtoto baada ya sindano, pengine ni kampuni ya dawa asiyoiamini. Ukijibu la homa ilhali yeye analo la kampuni, umepoteza muda wenu wote. Rudia ulichosikia kwa maneno yako, yeye akubali kuwa ndicho alichomaanisha, kisha omba ruhusa: "Naweza kukueleza ninachokijua kuhusu hilo?" Wengi hulidharau ombi hili. Asiyeombwa hujiandaa kubishana.

Katika kueleza, tanguliza ukweli, taja uvumi mara moja tu baada ya kuonya kwamba si kweli, onyesha pale uvumi huo ulipopotoka, kisha rudi kwenye ukweli. Jambo lililozoeleka masikioni huanza kuaminika. Wala usikanushe ukaacha pengo. "Chanjo ya surua haisababishi usonji (autism)" haitoshi. Msikilizaji atabaki akijiuliza, basi hofu ilitoka wapi? Mwambie: kwenye makala ya 1998 iliyohusu watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta 2010. Tena dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana katika umri uleule wa kupewa chanjo hiyo, kwa hiyo mzazi anayeunganisha mambo hayo mawili si mjinga.

Takwimu ndizo huharibu zaidi. Mwaka 1995 nchini Uingereza ilitangazwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ilikuwa kweli, ila maradufu ya nini? Ilitoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 ikafika 2. Wanawake wengi waliacha vidonge kwa hofu, mimba zisizotarajiwa zikaongezeka, na ujauzito wenyewe huongeza hatari hiyo kuliko vidonge. Kwa hiyo taja wangapi kati ya wangapi, na unapolinganisha usibadilishe idadi inayofuata "kati ya": 1 kati ya 7,000 na 1 kati ya 3,500 huchanganya watu bila sababu.

Anayefadhili utafiti wako mtaje kabla hujaulizwa. Usichokijua sema hukijui, kisha eleza ni ushahidi gani ungekufanya ubadili msimamo.

Mkiwa mbele ya watu, mbishi mwenye sauti kubwa si wa kushindana naye. Jibu kwa ajili ya wale walionyamaza, kwa upole, mara moja au mbili, kisha pokea swali la mwingine.