Mjuzi au mjuaji? Majibu kwa wasomaji wa Kusini

Kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika niliuliza makato ya korosho yanakwenda wapi. Jirani akaniita "mjuaji". Kanisifu au kanitukana? (Mkulima, Tandahimba)

Hakukusifu, ndugu yangu. Mjuaji ni yule anayejifanya anajua kila kitu na hataki kusahihishwa. Anayejua kweli ni mjuzi. Wewe uliuliza, na mjuaji haulizi, kazi yake ni kujibu tu, hata asipoulizwa.

Tena swali lako lilikuwa la haki kabisa. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ianze kwenye korosho, msimu wa 2007/2008, bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia mfukoni. Kuna ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi, wa chama kikuu, kuna usafirishaji na ghala. Mkulima anayetunza risiti yake ya mzani, akajua ana kilo ngapi na zimeingia daraja la kwanza au la pili, kisha akatoa makato moja baada ya jingine, huyo ndiye tunayesema ana taarifa. Walanguzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo huo, hawampendi hata kidogo. Inaniuma kuona neno "mjuaji" linatumika kuwafunga watu midomo mikutanoni. Kuuliza si ujinga. Mkutano ujao simama tena.

Mtu asiye na digrii anaweza kuitwa msomi? (Mwalimu, Lindi)

Msomi tumwachie aliyekaa darasani au vitabuni. Lakini ujuzi hauna cheti. Mvuvi anayejua kusi, upepo wa kutoka kusini, litaanza lini kuvuma, na maji yakipwa sana wakati wa bamvua yataacha wazi mwamba upi, ni mjuzi wa bahari.

Mfano mkubwa uko hapo hapo kwenu Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Hakuwa profesa, ila kazi ya kutambua mfupa na kuutoa ardhini bila kuuvunja aliimudu barabara. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja watu wa kabila la Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, mchimbaji mwingine. Wanafunzi wako wanayajua majina hayo? Wafundishe, tafadhali.

Mweledi, mbobezi na gwiji vina tofauti? (Mwanafunzi, Masasi)

Ipo. Mweledi anaelewa jambo kwa undani na analitenda ipasavyo. Mbobezi amezama kwenye fani moja, kwa mfano magonjwa ya mikorosho. Gwiji amewapita wenzake na watu wanamtambua hivyo.

Rafiki yangu yumo kwenye makundi yote ya WhatsApp, hapitwi na kitu. Ni mtu mwenye habari? (Kilwa Masoko)

Habari anazo. Muulize kazipata wapi. Akikosa jibu, basi za kuambiwa changanya na zako.

Nimsifu vipi mzee anayejua mambo mengi? (Kijana, Newala)

Baada ya shikamoo, mwambie: "Mzee wangu, wewe una ufahamu wa mambo haya, naomba nielekeze." Usimwite mjanja. Hilo baki nalo kwa watu wa rika lako.