Canter ya kukodi na mteremko wa Kitonga

SWALI: Nahama Iringa kwenda Morogoro na nimekodi Canter nitakayoendesha mwenyewe. Nimezoea gari dogo. Kitonga niishukeje na mzigo?

JIBU: Kushuka ndiko kugumu, na kunaamuliwa kabla hujaanza kushuka. Juu kabisa punguza mwendo, ingiza gia namba mbili au tatu, kisha washa breki ya ekzosi (inayobana moshi wa injini ili injini ipunguze mwendo) kama ipo na inafanya kazi (jaribu siku unapokabidhiwa gari). Ukichelewa, gari likishachanganya, gia ndogo haitaingia na utabaki fri, bila gia yoyote.

Injini ndiyo ishike gari. Breki kanyaga kwa nguvu ya kutosha, mwendo ushuke, kisha achia kabisa. Ukiikanyagia mfululizo, ngoma za breki na bitana zinazozisugua hupata moto, oili ya breki huchemka, na pedali huzama bila kushika. Usizime injini kuokoa dizeli: pampu ya vakyumu inayosaidia breki na ile ya usukani husimama, breki na usukani vikawa vizito.

Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali papana, weka kabari nyuma na mbele ya matairi, weka pembetatu, usubiri nusu saa au zaidi. Usimwagie ngoma maji. Chuma cha moto hupasuka.

Friji, kabati na magunia viegemee kabini, vizito chini, vifungwe kamba. Mzigo ukihamia upande mmoja kwenye kona kali, gari hulala. Lori la mbele likijikokota, jikokote nalo.