Maswali ya ngumi: mpiga KO akikutana na fundi

Kuna pambano linakuja hapa kwetu. Mmoja karibu ushindi wake wote ni KO (kumwangusha mpinzani asiendelee), mwenzake, fundi, anashinda kwa pointi tu. Nimpe nani? (Temeke)

Kwanza uliza hizo KO alizipata kwa nani. Rekodi hujazwa na watu waliokuja kuchukua posho wakaanguka. Ukisharidhika, achana na mikono, tazama miguu. Mpiga KO anayejua kukata ulingo, yaani anapiga hatua ya pembeni kumfungia mwenzake njia badala ya kumfuata nyuma nyuma, huyo mpe. Asiyejua atazungushwa mpaka kengele ya mwisho.

Mbona Muhammad Ali hakukimbia Kinshasa, alijiegemeza kwenye kamba na bado akashinda? (Mwanza)

Kwa sababu mpinzani wake, George Foreman, mpiga KO, alijua kukata ulingo. Watu husahau hilo. Oktoba 30, 1974 alipanda ulingoni akiwa na ushindi 40, KO 37. Frazier na Norton, ambao wote walishampiga Ali, yeye aliwamaliza kila mmoja katika raundi ya 2. Kwa hesabu hiyo, Ali alikuwa marehemu. Raundi ya 1 alisimama akarusha mkono wa kulia moja kwa moja, bila jebu (ngumi ya mkono wa mbele) ya kutangulia, na ngumi zikaingia. Ila kuzunguka raundi 15 mbele ya mtu anayekufungia kila kona kungemmaliza pumzi yeye, si Foreman. Basi akaenda kwenye kamba, akafunika uso, akamwacha jamaa apige mikono na mbavu, huku akijibu kila alipoona nafasi. Foreman hakuwa na mazoea ya kwenda mbali; watu walikuwa wanaanguka mapema. Raundi ya 8 mikono ilishakuwa mizito, akalala yeye.

Kwa hiyo na pumzi iingie kwenye hesabu yako. Mpiga KO ambaye hajawahi kufika raundi ya 8 hajui kuna nini huko.

Fundi anaweza kumfuata mpiga KO mbele? Si kujiua? (Nairobi)

Muulize Deontay Wilder, mpiga KO wa Marekani. Desemba 2018 Tyson Fury alimcheza kwa kurudi nyuma na kukwepa, akaangushwa raundi ya 9 na ya 12, ikawa sare. Februari 2020 akaja mzito zaidi, akamsukuma nyuma tangu kengele ya kwanza. Ule mkono wa kulia wa Wilder unahitaji nafasi na miguu iliyotulia, na akirudi nyuma havipo vyote viwili. Raundi ya 7 kona ya Wilder ikarusha taulo, yaani ikakubali kushindwa.

Mnajifanya wajuzi. 2018 nani alimpa Hassan Mwakinyo, bondia wetu? (Tanga)

Wachache sana, nakubali. Wengi walitazama jina la mpinzani wake, Mwingereza Sam Eggington, na kwamba pambano lilikuwa kwao, Birmingham. Ila Eggington ni bondia wa kuja mbele, anayekubali kupigana ngumi kwa ngumi, na mtu wa hivyo hufika mwenyewe mbele ya mikono ya haraka. Mwakinyo alilimaliza raundi ya 2.

Niweke hela raundi ya ngapi? (hakutaja mji)

Hela kaa nayo. Ukitaka kubishana kijiweni tu: mpiga KO mpe mpaka raundi ya 4. Ikifika ya 6 na bado anapiga glavu za mwenzake, hamia kwa fundi, hata kama ukumbi mzima unamshangilia yule mwingine.