Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Upepo Inapozikataa Slagi

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Bunduki yangu ya upepo ni ya milimita 5.5, ya kujazwa hewa kwa pampu, na ina regulata, kile kifaa cha kuweka shinikizo la hewa lisibadilike. Nikitumia peleti za gramu 1.17, matundu kumi ya mita 50 yanafunikwa na sarafu moja. Nikitia slagi za gramu 1.5 yanatawanyika ukubwa wa sahani. Springi ya nyundo, ile inayosukuma nyundo igonge valvu ya hewa, nimeikaza, nimeilegeza, wapi! Nianzie wapi?

JIBU: Springi iache kwanza. Peleti ina kiuno na sketi. Sketi hutanuka hewa inapoisukuma, ikaziba mtutu, na ikishatoka nje huivuta nyuma kama mkia wa tiara. Ndiyo maana peleti husamehe makosa mengi. Slagi haina mkia, ni kipande kilichonyooka, na kinachoishika isiyumbe ni kule kuzunguka tu inakopewa na mifuo ya mtutu, yaani mikato ya msokoto iliyo ndani yake. Kwa hiyo mtutu ndio wa kuulizwa kwanza.

Toa hewa, toa magazini. Ingiza slagi moja kwa mkono nyuma ya mtutu, uisukume taratibu kwa ufito wa mbao au plastiki hadi itokee mdomoni. Mkono usikie ugumu ule ule safari nzima. Kisha iangalie kwenye mwanga: alama za mifuo ziwe zimeizunguka pande zote kwa kina kimoja. Alama zikiwa hafifu au za upande mmoja, slagi ni nyembamba na hewa inaipita. Ikikwaruzika hadi kuacha vinyweleo vya madini, ni nene. Slagi za 5.5 huuzwa kwa vipimo vya karibu 5.49, 5.51 na 5.54, na hizo sehemu mbili tatu za mia za milimita zinaweza kugeuza sahani yako kuwa sarafu. Nunua kidogo kidogo za kila kipimo kabla ya kununua kopo kubwa.

Ufito ukienda laini halafu ukagoma sentimita chache kabla ya mdomo, mtutu wako umebanwa mbele. Hivyo ndivyo hutengenezwa mitutu mingi ya peleti. Si hukumu ya kifo, maana mingine hurusha slagi nyembamba vizuri tu, lakini usitarajie makubwa.

Geuza pia kitako cha slagi ukikague kwa lenzi. Tundu la kupitishia hewa lililo nyuma ya mtutu likiwa na ukingo mkali, huchonga kitako slagi inapopita juu yake. Pengo dogo pale hufanya hewa itoroke upande mmoja slagi inapoacha mdomo, na inaenda zake. Ukingo huo hulainishwa kwa msasa laini sana mtutu ukiwa umefunguliwa, na kazi hiyo mpe fundi kama mkono wako si mwepesi.

Jambo la mwisho ni mzunguko. Mitutu mingi ya peleti huzungusha risasi mara moja kila sentimita 45 hivi. Slagi fupi ya gramu 1.3 inatosheka na hapo, ndefu huenda isitosheke. Kinachodai mzunguko zaidi ni urefu kuliko uzito. Ukiona tundu la karatasi limekuwa la yai badala ya duara, slagi imefika ikiwa imelala ubavu. Hapo hakuna skrubu ya kukusaidia: tumia slagi fupi zaidi, au weka mtutu wa kuzungusha kila sentimita 40.

SWALI: Mtutu wangu umezikubali slagi za gramu 1.5. Sasa regulata na springi ya nyundo vinapangwaje? Kila ninayemuuliza ana namba yake.

JIBU: Namba za mwenzako ni za bunduki yake. Unahitaji kipima mwendo, daftari, na uvumilivu wa alasiri moja.

Lengo ni mita 275 hadi 290 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na risasi ikikaribia mwendo huo hewa huanza kuitikisa. Chini sana nako unapoteza faida ya slagi, yaani kukata upepo. Kabla ya yote soma sheria ya nchi yako, kwa sababu gramu 1.5 kwa mita 285 ni joule 61, na nchi nyingi zina kikomo.

Tuseme regulata iko kwenye shinikizo la baa 130. Legeza springi ya nyundo mpaka mwendo uwe chini waziwazi. Piga tano, andika wastani. Kaza robo mzunguko, piga tano, andika. Endelea. Mwendo utapanda kwa hatua kubwa, kisha hatua zitafupika, halafu utafika mahali unakaza lakini namba haisogei, pengine inarudi nyuma kidogo. Hicho ndicho kilele. Ikiwa kilele ni 293, rudisha springi hadi upate kama 284, yaani asilimia tatu chini. Hapo valvu inafunguka kwa kiasi, inafunga, na hewa haimwagiki bure. Ukikaa juu ya kilele unakula hewa na kusikia mlio mkubwa bila faida. Ukikaa chini mno, tofauti ndogo tu ya msuguano wa nyundo inabadilisha mwendo.

Kilele kikiwa 265, springi haina dawa. Pandisha regulata baa 5 na urudie zoezi lote. Hapa ndipo watu hupotea: wanapandisha regulata, mwendo unashuka, wanadhani regulata imekufa. Haijafa. Shinikizo kubwa linaibana valvu ifunge kwa nguvu zaidi, na nyundo ile ile sasa haiwezi kuifungua vya kutosha. Kaza springi, mwendo utapanda.

Baada ya kugusa regulata piga kumi za kuituliza kabla ya kuandika chochote. Usipitishe kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kama regulata yako hufikiwa kwa kufungua silinda, toa hewa yote kwanza, geji isome sifuri, kisha fyatua mara mbili tatu bila risasi. Na oringi, zile pete za mpira za kuziba hewa, zipakwe grisi ya silikoni pekee. Mafuta ya kulainishia yatokanayo na petroli ndani ya hewa iliyoshindiliwa yanaweza kuwaka.

Mpangilio mzuri hutoa slagi kumi zenye tofauti isiyozidi mita 4 kwa sekunde kati ya ya haraka na ya polepole. Ya kwanza ikiwa ya haraka kila unapoiacha bunduki nusu saa, regulata inavuja ndani polepole; kiti chake au oringi zake zimechoka.

SWALI: Slagi zinapiga vizuri hadi kama ya sitini, kisha matundu yanafunguka. Kesho yake vilevile.

JIBU: Mtutu umeshika madini ya slagi. Slagi inagusa ukuta kwa mwili mzima, peleti inagusa kwa kichwa na sketi tu, kwa hiyo uchafu huja mapema. Vuta vitambaa kwa uzi kutoka nyuma kwenda mdomoni, kamwe si kinyume, usije ukakwaruza ukingo wa mdomo. Kitambaa cha kwanza hutoka cheusi chenye vimeremeta. Endelea hadi kiwe kijivu hafifu. Kisha piga slagi kumi au kumi na tano kabla ya kuamini karatasi, kwani mtutu mkavu hupiga kwingine. Ukishajua namba yako ni sitini, safisha kwenye hamsini.

Kama usafi hausaidii, fungua sailensa, kile kipunguza mlio cha mdomoni, uangalie vigawanyo vya ndani. Mstari wa kijivu upande mmoja maana yake slagi inagusa ikipita.

SWALI: Bunduki yangu ni ya kukunja mtutu, ya springi. Naweza kutia slagi?

JIBU: Itafyatua, ila haina nguvu ya kuifaidi. Ukiipa joule 16, slagi ya gramu 1.3 hutoka kwa mita 157 tu kwa sekunde na kuanguka mapema. Baki na peleti.

SWALI: Ubao wa shabaha wa peleti unatosha?

JIBU: Hapana. Slagi hupenya zaidi, hufika mbali zaidi na hudunda vibaya ikigonga jiwe, maji au chuma kilichosimama wima. Tumia sanduku la mchanga mkavu lenye kina cha sentimita 30, mbele yake zulia kuukuu la kuzuia mchanga usimwagike. Zulia likitoboka katikati, lisogeze, na uchekeche mchanga mara kwa mara: slagi mpya ikigonga za zamani zilizorundikana inaweza kurudi kwako.