Barua kwa mwanangu: kuhusu wale ninaokutana nao nikikimbia

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Mama, nami nakimbia kila asubuhi, nami napita kwenye miti. Mbona wewe hukosi habari ya ndege au sungura, mimi narudi na jasho tu?" Swali hilo limenifurahisha kuliko unavyodhani, ndiyo maana nimeona nikuandikie nikiwa nimetulia.

Unachelewa kutoka, mwanangu. Jua likishachomoza, mambo makubwa yamepita. Ndege huimba kwa wingi wakati kunapambazuka, kabla jua halijaonekana. Mwanga bado hautoshi kutafutia wadudu, na hewa imetulia, kwa hiyo sauti inafika mbali. Ndege dume anawatangazia majirani kwamba kumekucha naye yu hai, na tawi lile bado ni lake. Ukitoka gizagiza utamsikia mmoja, kisha wawili, kisha utashindwa kuhesabu. Baadaye wanaanza kuhangaikia chakula na kelele zinapungua. (Gizani usiende peke yako. Tafuta mwenzako, mfuate njia mnayoijua, na vaa nguo inayoonekana.)

Zile spika ndogo za masikioni ziache nyumbani. Na punguza mwendo, ukimbie kiasi cha kuweza kuzungumza bila kutweta. Mtu anayehema kwa nguvu husikia kifua chake tu.

Mwezi uliopita kamba ya kiatu ilinifunguka. Nilipoinama kuifunga, uso wangu ukawa sawasawa na utando wa buibui uliotandwa kati ya mabua mawili ya nyasi. Umande ulikuwa umeuvisha shanga kila uzi. Buibui mwenyewe alikuwa ukingoni, anauvuta uzi kwa miguu ya mbele na kuuingiza kinywani. Alikuwa anakula utando wake! Buibui wengi wanaofuma tando za duara hufanya hivyo: hula uzi uliochakaa, protini yake ikawarudia mwilini, kisha wakafuma mpya. Nilichuchumaa pale mpaka utando wote ukaisha. Muda wangu wa siku hiyo uliharibika, na sikujuta hata kidogo.

Na sungura? Yeye hukuona kabla wewe hujamwona, kwa sababu macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote bila kugeuka. Akikusikia hujibana chini, masikio kayalaza mgongoni, anangoja ajue nia yako. Ukisimama ghafla na kumkodolea macho, atatimka. Endelea na mwendo ule ule, mpite kwa pembeni badala ya kumwelekea, mtazame kwa pembe ya jicho. Mara nyingi atabaki pale pale, nawe utaziona sharubu zake zikitikisika. Lakini ukikutana na mbwa mkali au mnyama mkubwa, usikimbie kabisa, maana anayekimbia hufukuzwa. Simama, kisha rudi nyuma taratibu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Miaka mingi iliyopita nilikuta kitoto cha sungura peke yake kwenye nyasi, kinaenea kiganjani, kimetulia kama jiwe. Nikadhani kimetupwa, nikakichukua nyumbani. Hakikuishi. Baadaye ndipo nikajua kwamba sungura wa porini humwacha mwanawe amejificha mchana kutwa, akamrudia jioni giza likiingia kumnyonyesha, ili asiwaonyeshe adui mahali alipo. Mama yake alikuwa anarudi. Mpaka leo nikipita kwenye nyasi ndefu nakikumbuka kile kitoto. Kwa hiyo ukikiona kimoja, kipite, hata kama roho inakuuma.

Siku ya kwanza hutaona mengi, usikate tamaa. Shika njia moja kwa wiki kadhaa, saa ile ile. Utaanza kujua kichaka gani kina kiota, na jiwe gani mjusi hupanda kuota jua likipata joto. Mvua ikinyesha usiku, toka hivyo hivyo. Ile harufu ya udongo uliolowa hutoka kwa bakteria wanaoishi ardhini, na pua zetu huinasa hata ikiwa chache mno.

Kesho ukirudi, kabla hujaoga, nipigie uniambie ni ndege gani aliyeanza kuimba. Kama humjui jina, niigizie sauti yake.

Akupendaye,
Mama