Simu ya fundi AC ikipokelewa na AI: maswali yenu ya Mtwara na Lindi

Joto limeanza kukolea na meseji zimejaa, nyingi za mafundi AC na friji na wenye gesti wanaouliza kuhusu hii AI inayopokea simu badala ya mtu. Mimi fundi, niko Mtwara mjini, msimu wa joto uliopita niliiweka kwenye namba ya kazi miezi mitatu, kwa hiyo nawajibu yale niliyoyaona.

Fundi AC, Chikongola: Nikiwa juu ya ngazi simu inaita mpaka inakata, nikija kupiga mteja kashapata fundi mwingine. Hiyo kitu inafanyaje kazi?

Pole kaka, hapo ndo pesa inapopotelea. Iko hivi, mteja anaongea, programu moja inageuza sauti yake kuwa maandishi, AI inayasoma na kutunga jibu, programu nyingine inalitamka lile jibu, na yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya sekunde moja mbili maana mtandao ukiwa mzito mteja anaanza "haloo, haloo" halafu anakata. Simu ikiisha unapata meseji yenye jina, namba, mahali alipo na shida ya mashine. Laini hubadilishi, unadaivati tu: piga **61* weka namba ya AI malizia na #, hapo ukipokea mwenyewe simu ni yako, usipopokea ndo inaenda kule. Ila dakika za ile simu iliyodaivatiwa unakatwa wewe, na huduma zenyewe nyingi zinatoza kwa dakika tena kwa dola, kwa hiyo kabla hujalipia shika daftari wiki mbili, andika kila simu iliyokupita. Zikiwa tatu nne kwa wiki, achana nayo, mpe kijana wako wa kazi simu apokee.

Muuza mafriji, Lindi mjini: Inaelewa Kiswahili chetu cha huku?

Cha taarifa ya habari inakielewa vizuri tu. Chetu, nusu nusu. Kuna mama anauza kamba Msimbati alipiga saa kumi na moja alfajiri, friza imejaa, kompresa inanguruma kidogo inazima, inanguruma inazima. AI ikaniandikia mteja yuko Msimbazi. Msimbazi si Dar! Nikajua kakosea namba, nikaenda zangu kwenye AC za gesti moja Shangani, saa nne ndo nikasikiliza rekodi, namsikia anasema Msimbati, tena kasema mara mbili, anaomba fundi awahi. Nafika barafu ishakuwa maji, kamba wa juu wameanza kunuka, na kilichokufa ni kapasita ya kuwashia kompresa, kazi ya dakika kumi. Mpaka leo linaniuma lile.

Tangu siku hiyo nimeiwekea orodha ya majina ya huku, Msimbati, Msanga Mkuu, Mikindani, Naliendele, na lazima imuulize mteja "umesema uko Msimbati?" kabla ya kukata. Mtu akichanganya na Kimakonde, au mashine ikishindwa kumwelewa mara ya pili, simu inakuja kwangu hata kama niko juu ya paa. Na mwenye muda aingie Common Voice ya Mozilla, watu wanasoma pale sentensi za Kiswahili kwa sauti zao ili mashine zijifunze, sauti za kusini zikiwa nyingi ndo tutakapoeleweka.

Mwenye gesti, Kilwa Masoko: Nikiipigia inaweza kuniambia AC ina shida gani na bei palepale?

Isikwambie, na fundi anayeiruhusu iseme anakukosea. Ukisema "haipoozi" inaweza kuwa filta imeziba vumbi, gesi imevuja, feni ya nje imekufa, au chumvi ya bahari imekula kondensa (koili ya nje), na hizo bei zake ziko mbali mbali kabisa, lazima mtu afike na geji ya gesi apime. Inachotakiwa kuuliza ni kama mashine inawaka, kama inadondosha maji ndani, na mara ya mwisho ilifanyiwa servisi lini. Na duka la dawa likipiga isiulize chochote, iunganishe na mtu hapo hapo, insulini na chanjo nyingi zinatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, haziwezi kungoja foleni.

Dada wa mapokezi, Mtwara: Bosi anasema akiweka AI mimi basi.

Dada yangu, mwambie aiweke usiku na Jumapili, mchana ubaki wewe. Wewe unamjua mteja anayelipa kwa kuchelewa, unajua nyumba ya nyuma ya msikiti ni ipi, na mtu akipiga kafura unajua kumpoza. Mashine hayo haina, na nasema hivi mimi niliyeitumia.

Mwanafunzi wa VETA, Lindi: Mbona Marekani wanaitumia sana?

Kule kampuni moja inafanya AC na pia mashine za kupasha nyumba joto, baridi kali ikishuka usiku simu zinapigwa zote kwa wakati mmoja na mafundi wamelala. Wengi wameiunganisha na ratiba kabisa, inampangia mteja saa ya fundi. Na hata huko kuna mipaka, Februari 2024 FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ilisema sauti ya AI inaingia kwenye sheria ya simu za sauti bandia, kwa hiyo huwapigii watu hovyo kwa sauti hiyo bila ridhaa yao.

Fundi friji, Masasi: Kurekodi wateja si kosa?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 2023. Sentensi ya kwanza mteja aambiwe anaongea na mashine na simu inarekodiwa, akikataa apewe mtu. Na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usipuuze hilo kisa wewe fundi mdogo.

Fundi, Newala: Nimedaivati, nimeshindwa kuitoa.

Piga ##61# kwenye laini ileile. Halafu chukua simu nyingine ujipigie, usipokee, uhakikishe haiendi tena kule.