Fairtrade na mkulima wa kahawa Kagera: pesa inaishia wapi?

Mkuu, umeuliza kama hela ya ziada unayolipa dukani hapa Mwanza kwa pakiti yenye nembo ya Fairtrade, ile ya biashara ya haki kwa wakulima, inamfikia mkulima. Mimi kwetu ni Muleba, Mwanza nipo kikazi, na kahawa ndiyo iliyonisomesha, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa ninayoyajua.

Inafika, ila kwa kuzunguka. Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kwanza ni bei ya chini: tangu Agosti 2023 robusta inayokaushwa na maganda yake, ndiyo hiyo yetu, haitakiwi kununuliwa kutoka chama cha ushirika cha wakulima chini ya dola 1.20 kwa ratili (karibu nusu kilo). Soko likiwa juu ya hapo, inalipwa bei ya soko. Pili ni nyongeza ya senti 20 za dola kwa ratili, na hiyo inaingia kwenye chama. Wanachama ndio wanaoamua mkutanoni: darasa, miche, zahanati au wagawane. KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, kwa mfano, waliwahi kuitumia kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa pale Bukoba. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi ya akili.

Sasa piga hesabu. Senti 20 kwa ratili ni kama senti 44 kwa kilo ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa, na kilo moja safi inahitaji kama kilo mbili za kahawa kavu yenye maganda, tunayoiita tu maganda. Mwenye kilo 300 za maganda angepata dola 66 hivi, tena kama chama kingeuza mzigo wote kwa nembo na kugawa kila senti. Hakiuzi wote. Wanunuzi wa nembo huchukua sehemu tu, inayobaki inauzwa kama kahawa nyingine yoyote.

Na bei ya chini? Septemba 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, karibu mara mbili ya kiwango hicho. Mwaka kama huo haina kazi. Kazi yake ni mwaka kama 2001, robusta iliposhuka chini ya senti 30 kwa ratili na watu wakaiacha mibuni ipotelee majanini katikati ya migomba.

Kinachomuumiza mkulima wetu hasa ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, na nembo haiigusi sana. Mama mdogo wangu anaanika vizuri, kwenye chanja, mvua ya ziwa ikinusa tu ameshafunika. Lakini Januari ada inadaiwa na kahawa bado mbichi mtini. Anakuja mtu na daftari, anahesabu mibuni kwa macho, anataja bei ambayo ni kama nusu ya ile ya msimu, anatoa pesa taslimu palepale. Serikali imepiga marufuku, lakini mchana nani atamwona, wakati biashara inafanyika jioni jikoni? Mavuno yakifika, maganda yanapakiwa kwenye pikipiki ya mwenye daftari. AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, hawayaoni, kwa hiyo bei ya chini na nyongeza vyote vinampita.

Kanuni za Fairtrade zinakiruhusu chama kumwomba mnunuzi malipo ya awali hadi asilimia 60 ya mkataba. Hapo ndipo dawa ilipo. Tatizo ni kwamba mkataba ukichelewa kusainiwa, pesa inamkuta mkulima ameshauza.

Kwa hiyo nunua hiyo pakiti, haina ubaya, hasa kama chama kilichoiuza kina mkutano mkuu wa kweli na mahesabu yanasomwa. Ila kama una ndugu huko ng'ambo ya ziwa, mtumie ya ada Januari akurudishie Julai. Sisi watoto wa mama mdogo tulioko mjini tunachanga hivyo, na sasa kahawa yake yote inapimwa kwenye mizani ya AMCOS.